Hakuna Kilichotangulia

Shangazi alianza kazi saa mbili na dakika saba asubuhi, na kama kawaida yake hakusalimia mtu.

"Lemburis. Asilimia themanini na moja. Dakika tatu."

Mwalimu Aikande aliweka chini kikombe cha uji na kuinuka. Hakukimbia. Mwongozo ulikataza kukimbia, na baada ya miaka saba Kituoni Orkeri miguu yake ilikwisha kuuzoea mwongozo kuliko hata yeye mwenyewe. Alipita katikati ya meza za kitalu mpaka ile ya mwisho dirishani, ambako kijana wa miaka kumi na sita alikuwa anabebesha miche ya parachichi, akiunga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Lemburis alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Kikonyo kwenye shina, utepe mara nne, fundo, mche mwingine. Mche wake mmoja tu kati ya mia ndio uliokufa mwaka jana, na huo uliliwa na panya.

"Nipe kisu, Lemburis," Aikande alisema.

Kijana alimpa. Bangili yake ya kijani ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa. Aikande aliwaashiria wenzake wahamishe vijana wengine, akasukuma viti ukutani, akafungua mlango wa Chumba cha Utulivu. Yote hayo yalichukua dakika mbili na nusu. Kisha meza ikapinduka, miche thelathini ikamwagika na udongo wake, na kiwiko cha Lemburis kikampata Aikande begani wakati anamwongoza kwenye mlango. Hakuna aliyeumia kwa maana ya kisheria.

Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa sauti ndani ya kidude cha sikioni walichovaa wahudumu wote. Jina lake rasmi lilikuwa refu na la kiserikali, hata wakubwa walilisoma kwenye karatasi. Wahudumu walimwita Shangazi kwa sababu alijua mambo ya watoto kabla ya watoto wenyewe, na akishasema hakuna wa kumbishia. Bangili zilimletea mapigo ya moyo, jasho la ngozi, joto na mtikisiko wa mkono, naye kila baada ya sekunde kumi na tano alipiga hesabu: huyu atalipuka au hatalipuka? Tangu sheria ipite, kijana mwenye usonji asiye na bangili hakuruhusiwa kupanda basi wala kuingia sokoni. Mwenye bangili ya chungwa, mlango wa basi haukumfungukia.

Aikande alijaza taarifa akiwa amesimama, bega likimuuma. Safu ya kwanza, jina. Ya pili, muda. Ya tatu, tukio. Ya nne iliandikwa "Kilichotangulia", na kishikwambi kilikwisha kumwandikia jibu kabla hajagusa, maana kilimzoea. "Hakuna." Alibonyeza kukubali.

Alama za Lemburis za matukio zikafika sitini na saba. Zikifika sabini angehamishiwa Nyumba ya Pili, upande wa pili wa mlima, ambako milango ilisikiliza bangili: ikipanda, mlango unajifunga, ikishuka, unafunguka. Haikukatazwa kurudi kutoka huko. Ni kwamba bangili za huko hazikushuka za kutosha. Mkaguzi wa mkoa angekuja Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

*

Injinia Tumpale alifika siku ya pili kubadilisha mikanda ya bangili. Alikuwa binti mwembamba asiyependa maneno mengi, mwenye tabia ya kula njugu huku akisoma grafu. Aikande alimletea chai kwa sababu alitaka kumwomba jambo.

"Lemburis," alisema. "Hakuna namna ya kumpunguzia? Ni mtoto mzuri."

"Shangazi hajui mzuri na mbaya, Mwalimu." Tumpale aligeuza skrini ili waone wote. "Ila kuna kitu nimekiona. Huu ndio mstari wake wa asubuhi, mbichi, kabla Shangazi hajauchuja. Unaona hapa?"

Mstari ulikuwa tambarare, halafu ukapanda ghafla mithili ya ukuta, ukashuka kidogo, ukapanda tena polepole mpaka kwenye tukio.

"Ukuta huu ni saa mbili kasoro dakika tano," Tumpale alisema. "Kila siku. Onyo la Shangazi linakuja dakika kumi na moja au kumi na mbili baadaye. Saa mbili kasoro tano anafanya nini?"

"Hakuna. Anaingia tu."

"Anaingiaje?"

"Anaingiaje tena? Kama watu. Anashuka kwenye basi, anamsalimia Mzee Lesikar getini, anaingia."

Tumpale aliacha kutafuna. "Anamsalimiaje?"

Aikande alianza kueleza na sauti yake ikaenda ikipungua. Mzee Lesikar alikuwa mlinzi wa geti tangu kituo kifunguliwe, mzee wa Kiarusha aliyewachukulia vijana wote arobaini kama wajukuu. Kijana alimwinamia, naye alimwekea kiganja kichwani na kukibakiza hapo kidogo. Ndivyo watoto walivyosalimia wazee pale tangu dunia iumbwe. Nani angeandika jambo hilo kwenye safu ya nne? Ungeandika pia kwamba mtoto alivuta pumzi.

"Na matukio ya mchana?" Tumpale aliuliza.

Walichukua kitabu cha wageni, kitu pekee cha karatasi kilichobaki kituoni, na kukilinganisha na skrini. Mwenyekiti wa mtaa, saa sita na robo. Lemburis, saa sita na dakika ishirini na saba. Mchungaji na wazee watatu wa kanisa, saa nane; Lemburis mara mbili. Siku zisizo na mgeni, mstari wa mchana ulilala.

"Lakini Shangazi anaona kila kitu," Aikande alisema. "Hili angelikosaje?"

"Haruhusiwi kuliona. Dakika kumi za kwanza tangu mtu aingie zinafutwa, na za kila mgeni vilevile. Kuna agizo." Tumpale alilitafuta, akalisoma kwa sauti ileile ya kusoma grafu. "'Bangili zote zinapiga kelele getini kila asubuhi na kila wageni wakija, bila sababu yoyote. Wahudumu wamechoka. Tunaomba mfumo upuuze muda wa kuwasili.' Miaka minne iliyopita. Limesainiwa na wewe, Mwalimu."

Aikande alilikumbuka. Alikumbuka hata kalamu.

"Bangili zote," alisema.

"Zote. Wengi inawapita. Wengine haiwapiti." Tumpale alifunga skrini nusu. "Nisikilize. Kuna njia mbili. Ya kwanza unasahihisha safu ya nne, kweli kweli, matukio yote, unasaini. Mfumo ukikuta msingi wake una kasoro, unasimama. Si hapa tu, vituo vyote kumi na moja vilivyofundishwa kwa taarifa zenu. Mpaka ufundishwe upya. Mwaka, pengine zaidi."

"Na Nosim?"

Tumpale hakumjua Nosim. Alimjua kwa namba: binti wa miaka kumi na minne, matukio kumi na tisa yaliyozuiwa. Aikande ndiye aliyejua kwamba Nosim alijipiga ngumi machoni bila kilio wala dalili, kwamba jicho la kushoto lilikwisha kupofuka kabla ya Shangazi kuja, na kwamba mara kumi na tisa zile dakika tatu zilitosha kumfikia kabla ya jicho la kulia.

"Njia ya pili?" aliuliza.

"Unaandika kwamba Lemburis alikuwa na homa. Tukio la mgonjwa halihesabiwi. Nikikuwekea homa mbili tatu, alama zinashuka hamsini na kitu, hakuna anayeuliza, Shangazi anaendelea. Binti yako anabaki na jicho lake."

Ilikuwa njia nzuri. Aikande aliitazama kutoka kila upande na kila upande ilimpendeza. Kisha akamkumbuka Kisioki, akatamani asingemkumbuka.

Kisioki alikwenda Nyumba ya Pili mwaka juzi, na wengine wawili baada yake. Yeye ndiye kijana wa kwanza ambaye Aikande alimfundisha kusalimia. Alisalimia vizuri sana. Wageni walimsifia. Alipofikisha sabini, Aikande alijaza safu ya nne kwa mkono thabiti, akampakia nguo zake, akalia kidogo, akaamini kwamba hakuna ambacho kingefanyika. Sasa akiwa na kikombe cha chai mkononi alijichukia, wazi kabisa, bila kujitafutia kisingizio.

"Niachie mpaka Alhamisi," alisema.

*

Kabla ya kuchagua kati ya njia mbili, mtu hutafuta ya tatu. Jumatano asubuhi na mapema Aikande alimfuata Mzee Lesikar kwenye kibanda cha geti.

"Shikamoo, mzee. Nina ombi gumu. Leo Lemburis akikusalimia, mwitikie kwa mdomo tu. Usimguse kichwa."

Mzee alimgeukia. "Amekosa nini?"

"Hajakosa. Mguso unamuumiza."

"Mkono wangu unamuumiza." Hakuuliza, alirudia tu, kwa utulivu. "Mwalimu, mtoto akiniletea kichwa nikakaa na mkono wangu, nimemwambia nini? Nimemwambia simtaki. Kwetu mzee hamfanyii hivyo hata mtoto wa adui."

"Najua, mzee."

"Hujui. Wewe ni wa Kilimanjaro." Alishika fimbo yake kwa mikono miwili nyuma ya mgongo. "Sawa. Kwa ajili yako."

Basi lilifika. Lemburis alishuka, akavua kofia yake ya sufu, akaikunja mara mbili, akainama. "Shikamoo mzee," alisema. Maneno yalitoka yakiwa yamenyooka, kila moja mahali pake.

"Marahaba," alisema Mzee Lesikar, mikono nyuma.

Lemburis hakuinuka.

Vijana wengine walijipanga nyuma yake. Dakika moja ikapita, kisha ya pili. Aikande alimwita kwa jina, akamwambia waende ndani, miche inamsubiri. Lemburis alibaki ameinama, shingo imemkakamaa, kofia imebanwa kifuani, na bangili ikatoka kijani ikawa njano. Hapo ndipo Aikande alipoelewa kilichokuwa kinaendelea, na kilikuwa kazi yake mwenyewe.

Miezi minane. Kadi yenye picha sita, ambayo bado ilining'inia ukutani darasani: vua kofia, ikunje, inama, sema shikamoo, subiri mkono, inuka. Kila hatua na punje zake za njugu. Siku alipoimaliza yote kwa mara ya kwanza, bibi yake alilia hadharani, na Aikande aliandika kwenye taarifa ya mwaka: "Anasalimia vizuri bila kukumbushwa." Hakuna aliyemfundisha nini cha kufanya mkono usipokuja. Alikuwa kwenye hatua ya tano, na hatua ya tano inasema subiri.

Dakika ya nne Mzee Lesikar alishindwa. Macho yalikuwa yamemlowa. Aliweka kiganja kichwani pa kijana, taratibu kuliko siku zote, na bega la Lemburis likaruka kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Kisha akainuka, akavaa kofia, akaingia ndani kama mtu aliyemaliza wajibu wake.

"Lemburis," Shangazi alisema dakika kumi na moja baadaye. "Asilimia tisini na mbili."

Alama zikawa sitini na tisa. Aikande alipofungua taarifa, safu ya nne ilikuwa imejaa tayari. Alifuta neno lile, akaacha nafasi wazi, kishikwambi kikamkatalia kuhifadhi. Akaandika tena "Hakuna".

Mchana ule aliosha vikombe vyote vya kituo, hata visafi. Kisha akaomba karatasi ngumu na penseli za rangi.

*

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Bi Hobokela, mwenye viatu vya kutembelea shambani na adabu nyingi. Alifika saa mbili kasoro dakika tano, wakati uleule basi linashusha vijana, na kabla hajaonyeshwa ofisi alikuwa ameshasimama kando ya Mzee Lesikar akiwatazama wanavyoingia.

Lemburis alivua kofia. Akaikunja. Akainama mbele ya mgeni, maana mgeni ndiye aliyekuwa karibu.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, baba. Jamani, mtoto ana adabu huyu." Bi Hobokela aliinua mkono.

"Usimguse!"

Aikande hakukusudia kupiga kelele. Mgeni alibaki na mkono hewani, na Mzee Lesikar akatazama chini kwa aibu. Aikande aliingia katikati yao, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa Lemburis, akamwonyesha kadi. Picha zilikuwa sita kama mwanzo. Ya tano haikuwa mkono tena. Ilikuwa kofia ya sufu, bluu, juu ya kichwa.

Lemburis aliitazama kadi. Kadi alizoea kuziamini kuliko watu. Alitazama ya nne, ya tano, akarudi ya nne. Bangili ilikuwa njano. Halafu akaikunjua kofia, akaivaa, akaivuta mpaka nyusi, akainuka na kwenda zake kwenye miche. Njano ikarudi kijani njiani.

Walisubiri dakika kumi na moja. Walisubiri kumi na tano. Shangazi hakusema neno.

Ofisini Bi Hobokela alifungua faili na kuvaa miwani. "Sitini na tisa," alisema. "Nilikuja na fomu ya uhamisho, sitakuficha. Lakini mtoto niliyemwona sasa hivi na mtoto wa kwenye faili ni watu wawili. Alikuwa anaumwa, siku hizo? Labda homa? Maana kama ni homa, tunaandika tu, yanaisha."

Alilisema kwa wema, kalamu ikiwa tayari. Aikande aliweza kusikia kitalu upande wa pili wa ukuta, na zaidi ya kitalu, sauti ya Nosim akivuma wimbo wake wa noti moja. Neno lililohitajika lilikuwa fupi. Lingemwacha Lemburis kwenye meza yake, Nosim na jicho lake, na Shangazi masikioni mwa watu kumi na mmoja wengine kama yeye, wakiendelea kukubali "Hakuna". Kisioki angebaki alipo.

"Hapana," Aikande alisema. "Hakuumwa. Ni sisi."

Alieleza yote, agizo la miaka minne, kitabu cha wageni, kadi ya kwanza, Kisioki. Bi Hobokela alimsikiliza hadi mwisho bila kuandika.

"Ukisaini masahihisho haya mfumo unasimama leo saa sita," alisema. "Unalijua hilo? Na una binti mmoja hapa ambaye..."

"Ninamjua."

"Na watakuuliza kwa nini hukuona miaka yote hiyo."

"Niliona," Aikande alisema. "Sikujua kwamba ni kitu."

Akasaini. Matukio mia mbili na arobaini, ya vijana tisa, watatu kati yao wakiwa upande wa pili wa mlima. Mkono ulimuuma kama wa mtu aliyepalilia.

*

Kabla ya saa sita alimpigia simu mama yake Nosim, kwa sababu hakutaka mtu mwingine amwambie. Nyuma ya mama zilisikika sauti za kuku na redio.

"Mwalimu," mama alisema, "wewe una mtoto?"

"Sina, mama."

"Basi." Simu ikakatika.

Saa sita kamili sauti ya kike ilisema sikioni, "Huduma imesitishwa." Bangili arobaini zilirudi rangi ya kijivu zote kwa pamoja. Wahudumu walitazamana. Mmoja alicheka kwa woga, mwingine aliendelea kugusa sikio lake kila dakika mpaka jioni. Lemburis, kofia mpaka nyusi, alifunga utepe mara nne, akapiga fundo, akachukua mche mwingine.

Aikande alivuta kiti akakaa upande wa kulia wa Nosim, upande wa jicho linaloona. Hakujua atazame nini. Miaka minne alikuwa akiambiwa na Shangazi lini tukio linakuja, na kabla ya hapo hakuwa mtazamaji mzuri. Alitazama mikono ya binti, shingo yake, mguu uliokuwa ukipigapiga sakafu. Alisikiliza wimbo wa noti moja. Aliweka kiganja chake hewani, karibu na shavu la Nosim bila kuligusa, na mkono ulipochoka akabadilisha.

Ngumi ilikuja saa saba na dakika ishirini, bila taarifa. Ilikipata kiganja cha Aikande, na kidole cha pete kikatoa sauti ambayo wote wawili waliisikia. Ya pili na ya tatu zilikutana na kiganja hichohicho. Kisha Nosim akatulia, akamgeukia kwa jicho lake moja, akaanza tena kuvuma.

Kishikwambi bila Shangazi kilikuwa hakijui kujaza. Safu zote sita zilikuwa tupu. Aikande aliandika kwa mkono wa kushoto, polepole, jina, muda, tukio. Kwenye ya nne alisita. Kulikuwa na mlango uliogongwa, pengine, na harufu ya vitunguu jikoni, na mguu ambao huenda uliacha kupigapiga muda mfupi kabla, au huenda hapana.

Akaandika: "Sijui bado." Akarudi kukaa, akanyoosha mkono ule mwingine.